Ugwe mgongo umebanwa shingoni, sehemu tatu: apasuliwe kwa mbele au kwa nyuma?

Tabibu_Muheza

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za kazi. Naomba mnisaidie kumweleza mgonjwa jambo ambalo familia yake imekwama nalo.

Mvuvi wa Sahare, miaka 57. Miezi minane sasa vidole vimekuwa vizito: kushona wavu hawezi, vifungo vya shati anafungiwa na mkewe, na akitembea gizani anayumba kama yuko ndani ya ngalawa. Shingo yenyewe haimuumi sana. Alama za ugwe kuumia zipo: Hoffmann ya vidole ipo mikono yote miwili, magoti yanaruka kupita kiasi, Babinski ya kulia (dole gumba la mguu) imepanda. Kukunja na kukunjua ngumi kwa sekunde 10 kafika mara 11, wakati mtu mzima anapaswa kufika 20. Alama za mJOA, kipimo cha jinsi ugwe wa shingo unavyofanya kazi, ni 13 kati ya 18 (18 ni mzima). VVU hasi, kaswende hasi, vitamini B12 iko kawaida. Hana sukari, havuti sigara.

MRI: diski za C4/5, C5/6 na C6/7 (C ni pingili za shingo, zinahesabiwa kutoka juu) zimetokeza nyuma pamoja na vichomozo vya mfupa, ugwe, yaani ule uzi wa neva unaopita ndani ya uti wa mgongo, umebanwa kote, na penye C5/6 kuna doa jeupe ndani ya ugwe. Mfereji wake ni mwembamba hata mahali pasipobanwa, milimita 12.

Mpasuaji wa kwanza kasema apitie mbele, atoe diski tatu, aunganishe pingili na kuweka bamba. Wa pili kasema apitie nyuma, afanye laminoplasti, yaani kupanua mfereji kwa kufungua matao ya mfupa wa nyuma. Wote wana uzoefu. Ndugu wanauliza nani muongo. Shangazi yake naye anasema aanze kwa mchuaji. Mgonjwa mwenyewe anataka asubiri kaskazi iishe, maana ndio wakati wa samaki.

Nini hasa kinachoamua?

---

Mpasuaji_Raskazone

Marahaba Dokta. Hakuna muongo hapo. Wamesoma picha ileile na kila mmoja kachagua hatari anayoijua kuizuia. Ila kuna kitu hukukitaja, na ndicho kinachoamua nusu ya kesi hizi: eksirei ya shingo ya ubavuni, mgonjwa *amesimama*. MRI hupigwa amelala chali na kichwa kwenye mto, shingo inaweza kuonekana ina mpindo mzuri kumbe akisimama imekunjika mbele. Ongeza picha mbili, moja akiinamisha kichwa na nyingine akiinua, uone kama kuna pingili inayoteleza juu ya mwenzake. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kosa linaloweza kuzuilika.

Jina lenyewe *ugwe* litakusaidia kuwaeleza ndugu. Chukua uta: ugwe wa uta hukaa upande wa ndani wa mpindo. Shingo ya kawaida ni uta ambao tumbo lake limetazama mbele, kwa hiyo ukiondoa ukuta wa nyuma, ugwe unarudi nyuma wenyewe na kuachana na diski zinazousukuma. Shingo iliyokunjika mbele ni uta uliogeuzwa. Hapo ufungue nyuma upendavyo, ugwe utabaki umelalia vichomozo palepale. Huyo lazima aguswe kwa mbele.

Kupima ni rahisi. Kwenye picha ya ubavuni weka nukta katikati ya mfereji usawa wa C2, nyingine usawa wa C7, unganisha kwa rula. Mstari huo unaitwa K. Kinachobana kikiishia mbele ya mstari, njia ya nyuma iko wazi. Kikiuvuka, njia ya nyuma peke yake itamwacha na tatizo lake. Kipimo hiki kilibuniwa Japani kwa ajili ya wale ambao kano refu la nyuma ya pingili limegeuka mfupa, na ukihisi hali hiyo omba CT, kwa sababu MRI hulificha.

Sasa njia zenyewe.

Kwa mbele, mkato ni wa sentimita chache ukifuata kunyanzi la ngozi. Mpasuaji hupita kati ya mshipa mkubwa wa damu upande mmoja na koo pamoja na umio upande wa pili, hakati misuli ya maana, ndiyo maana maumivu baadaye ni madogo. Kabla ya kugusa diski anachoma sindano ndani yake na kupiga eksirei mezani. Hatua hiyo haina mjadala, maana kutoa diski isiyo yenyewe ni kosa la kale na bado linatokea, hasa kwa mtu mwenye mabega manene yanayoficha C6 na C7. Kisha diski inatolewa yote, vichomozo vinasagwa, na keji (kizimba kidogo cha kujaza nafasi ya diski) yenye mfupa inaingizwa. Nyuso za pingili zisikwanguliwe mno. Ukila gamba gumu la juu, keji inazama kama nguzo kwenye mchanga wa pwani, na shingo inakunjika upya. Bamba nalo liwe fupi, ncha yake ikae angalau milimita 5 kutoka diski jirani, la sivyo mfupa huota kuelekea diski hiyo.

Uzuri wa njia hii ni kwamba inaondoa adui alipo na inaweza kunyoosha shingo iliyokunjika. Ubaya wake unakua na idadi. Diski moja huungana vizuri. Tatu ni maungano matatu yanayotakiwa yote yashike, na moja likigoma skrubu hulegea. Wavutaji wa sigara ndio wanaoongoza hapo. Kumeza huwa kugumu wiki za mwanzo, na sauti inaweza kukwaruza kwa sababu neva ya zoloto huvutwa. Wengi hurudi kawaida, wachache hawarudi. Halafu pingili zikishaunganishwa, za jirani hubeba mzigo wao: utafiti maarufu wa Marekani wa 1999 ulikuta karibu wagonjwa 3 kati ya 100 kila mwaka wanapata dalili mpya kutoka diski jirani.

Kama kinachobana kimejificha nyuma ya pingili yenyewe, siyo usawa wa diski tu, inabidi pingili itolewe pia. Inaitwa kopektomi. Mfereji unaochongwa ni wa upana wa milimita 15 hadi 18, na ukienda pembeni ya katikati unakutana na ateri inayopanda ubavuni kwenda kwenye ubongo. Ukitoa pingili mbili au zaidi bila kufunga skrubu kwa nyuma, keji ina tabia ya kuruka. Kwa mgonjwa wako sioni sababu ya kufika huko.

Laminoplasti wengi hawaielewi, ngoja niieleze vizuri. Ilikuzwa na Wajapani miaka ya 1970. Mfupa wa nyuma hautupwi, unafunguliwa kama kifuniko. Mtazame muuza madafu pale Ngamiani: anakata juu kwa panga pande zote ila upande mmoja anauacha umeshika kidogo, kisha anainua kifuniko. Ndivyo ilivyo. Upande mmoja wa matao ya C3 hadi C6 au C7 drili inakata hadi ndani. Upande wa pili inakata gamba la nje tu na kupunguza la katikati, mpaka ukisukuma kwa kidole mfupa unakubali kupinda kama kijiti kibichi. Ukiacha mnene hautafunguka, na ukilazimisha unavunjika vibaya. Ukikata mno bawaba inakatika na kifuniko kinaweza kudondokea ndani, juu ya ugwe uleule uliokuja kuuokoa. Kifuniko kikishainuka hushikiliwa na bamba dogo kila pingili. Misuli inayojishikiza C2 iachwe salama, kwa maana ndiyo inayoinua kichwa. Waliokuwa wanaikata waliwaachia watu shingo zinazouma na zinazoinama.

Haitakiwi kuunganisha chochote, kwa hiyo shingo inaendelea kugeuka, ingawa si kama zamani. Haifai kwa shingo iliyokunjika mbele, na kuna utafiti wa Kijapani uliochora mpaka kwenye nyuzi 13 za mkunjo mahali penye ugonjwa. Haifai kwa pingili inayoteleza. Na anayelalamika maumivu makali ya shingo kuliko ganzi ya mikono, laminoplasti haitamfurahisha.

Njia ya nne ni kuondoa matao yote na kufunga skrubu na fito kwa nyuma. Skrubu za C3 hadi C6 kwa kawaida ni milimita 3.5 kwa 14, zinaelekezwa nje na juu ili kukwepa ateri na neva. C7 ni nyembamba pembeni, mara nyingi hulazimu skrubu ya kwenye shina la pingili. Inafaa shingo inayoteleza, au yenye maumivu, au yenye mkunjo unaonyooka. Mkato ni mkubwa, misuli inaumia, na kidonda cha nyuma hupata maambukizi kuliko cha mbele.

Diski bandia zinazocheza ni kwa diski moja au mbili laini kwa mtu ambaye viungo vyake vya nyuma bado vizima. Kwa mfereji wa milimita 12 na vichomozo sehemu tatu, sahau.

Mwambie shangazi: ugwe uliobanwa hauchuliwi, wala shingo haivutwi wala kuvunjwa ili ilie. Hilo linaweza kummaliza miguu asubuhi moja.

---

Usingizi_Chumbageni

Nyongeza ya upande wetu wa usingizi, kwa kuwa huku ndiko ugwe unapoweza kuumizwa kabla kisu hakijashikwa.

Shingo hii hainyanyuliwi nyuma wakati wa kuweka mpira wa hewa. Ama mgonjwa awekewe akiwa macho kwa kamera inayopinda, ama kwa laringoskopu ya video (kifaa cha kuonea koo) huku mtu mwingine ameshika kichwa kisisogee. Kabla ya hapo muulize akiwa macho: ukiinua kichwa hivi, mikono inakufa ganzi? Anapofikia ndipo mpaka wako.

Presha ndiyo dawa ya ugwe. Wastani wa presha ya ateri usishuke chini ya 85 tangu usingizi unaanza. Ile tabia ya kushusha presha ili damu ipungue mezani, hapa iache. Sefazolini gramu 2 ndani ya saa moja kabla ya mkato, na dozi nyingine yakipita masaa 4 tangu ya kwanza. Akilazwa kifudifudi, macho yasiguswe na kitu. Mabega yakivutwa kwa plasta ili eksirei ione chini, yavutwe kwa kiasi, kwani kuna watu wameamka na mkono uliolala kwa sababu ya plasta tu, lawama zikaenda kwa drili.

Aliyepasuliwa kwa mbele muangalieni koo usiku ule wa kwanza. Akianza kusema hawezi kulala chali, sauti imebadilika, shingo inajaa, hiyo ni damu inaminya njia ya hewa. Msimpeleke kwenye picha. Nyuzi zinafunguliwa palepale kitandani, ngozi na safu ya chini yake, damu itoke, ndipo mengine. Seti ya kufungulia ikae pembeni ya kitanda, isiwe kabatini kwa ufunguo wa sista aliyeshatoka zamu.

---

Mgosi_wa_Fito

Mpasuaji kaeleza vizuri ila kairuka laminektomi tupu, yaani kuondoa matao bila skrubu na bila bamba, kama vile ni dhambi. Vitabu vinaikwepa kwa sababu shingo inaweza kukunjika mbele miaka inayofuata, hasa kwa vijana, au ikiwa viungo vya pembeni vimekatwa zaidi ya nusu. Sawa. Lakini mzee wa miaka 75 mwenye mpindo mzuri, shingo iliyokwisha kukakamaa kwa vichomozo na isiyoteleza hata kidogo, matao yakitolewa kwa upana wa ugwe tu huku viungo vimeachwa, anaweza kuishi nayo vizuri. Haina kifaa cha kununua. Mahali ambapo familia inachangishana hadi kwa jumuiya ya msikiti ili kulipia skrubu nane, hilo ni jambo la kusema wazi. Kumwacha mtu akapoteza miguu akisubiri fito sioni kama ni uangalifu.

Kwa huyu wa miaka 57 nisingeifanya. Ana miaka mingi mbele ya shingo kuinama.

Na kwa wanaotaka ushahidi: jaribio lililochapishwa 2021 liligawa kwa kura wagonjwa 163 wa Marekani na Kanada wenye ubanaji wa sehemu nyingi, wengine mbele wengine nyuma. Baada ya mwaka afya yao ya mwili ilikuwa sawa. Matatizo yalikuwa mengi zaidi kwa waliopasuliwa mbele, karibu 48 kwa 100 dhidi ya 24, na sehemu kubwa ilikuwa shida ya kumeza. Ila kumbukeni: walioingia kwenye kura ni wale ambao wataalamu waliona njia zote mbili zinafaa. Shingo iliyokunjika haikupigiwa kura.

Mpasuaji pia hakutaja neva ya C5. Baada ya kufungua nafasi, zaidi kwa njia ya nyuma, wagonjwa kama 5 kati ya 100 wanaamka vizuri halafu siku chache baadaye bega halinyanyuki. Deltoidi, msuli wa bega, imelala, pengine na misuli ya kukunja kiwiko. Wengi hurudi ndani ya miezi kadhaa. Familia iambiwe *kabla*. Wakiambiwa baada, itakuwa umemlemaza.

---

Tabibu_Muheza

Ahsanteni sana. Eksirei imepigwa leo akiwa amesimama. Mpindo upo, mstari wa K hauvukwi mahali popote, hakuna kuteleza akiinama wala akiinuka. CT haionyeshi kano lililogeuka mfupa.

Nimemchorea uta na ugwe nyuma ya karatasi ya rufaa, akacheka, akasema sasa ameelewa. Mawili yamebaki. Anauza samaki wake kwa kunadi mwenyewe pwani, anaogopa sauti. Na la kaskazi: kusubiri miezi mitatu kuna ubaya gani, maana anatembea?

---

Mpasuaji_Raskazone

Kwa picha hiyo milango yote miwili iko wazi, na mimi naegemea kwa aliyesema laminoplasti. Mfereji ni mwembamba tangu kuzaliwa, sehemu zilizobanwa ni tatu, maumivu ya shingo ni madogo, mpindo upo. Hiyo ndiyo shingo ambayo operesheni ile ilitengenezewa. Sauti yake pia haiguswi. Atakayempasua kwa mbele hatakuwa amekosea, ila amweleze habari ya zoloto bila kuipaka sukari. Neno la mwisho ni la yule atakayeshika drili, na umuulize amefanya ngapi za aina hiyo. Mpasuaji aliyezoea njia yake ni bora kuliko njia bora mikononi mwa anayejifunza.

Kusubiri: hapana. Miongozo ya kimataifa ya 2017 inapendekeza upasuaji kwa mJOA 12 hadi 14, na zaidi kwa 11 kushuka. Ni wa 15 hadi 17 tu wanaoweza kujaribu mazoezi chini ya uangalizi, nao wakishuka wanapasuliwa. Kwa wenye ugonjwa huu wasiopasuliwa, tafiti zimekuta kati ya 20 na 62 kwa 100 wanazorota ndani ya miaka 3 hadi 6. Ugwe haurudi kama msuli. Upasuaji kazi yake ya kwanza ni kusimamisha anguko, na kinachorudi ni ziada, kikubwa chake ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Miezi minane ameshaitumia. Na huyu anapanda chomboni: akiteleza akaangukia kidevu, mfereji wa milimita 12 unaweza kuuponda ugwe hata bila mfupa kuvunjika. Ashuke baharini tangu leo.

---

Viungo_Makorora

Kwa upande wa mazoezi, anza kabla hajaondoka. Mpimeni nguvu ya kushika mikono yote miwili, muda wa kutembea mita 10, na ile ngumi ya sekunde 10, mkaandike na tarehe. Bila hivyo baada ya miezi 3 kila mtu atabishana kama amepona.

Rufaa ya upasuaji wa namna hii kwa sisi wa Tanga huwa ni hospitali ya MOI Dar au ya KCMC Moshi, na zote ni safari ya karibu siku nzima ukijumlisha foleni. Kwenye basi akae kiti cha mbele ya tairi la nyuma, asikae mkiani ambako kila tuta linamrusha. Kola laini inatosha njiani, kazi yake ni kumkumbusha asisinzie kichwa kikaning'inia. Abebe MRI kwenye CD pamoja na filamu, maana ripoti ya karatasi haina mstari wa K.

Akirudi baada ya laminoplasti, kola ni ya siku chache au wiki mbili kwa raha yake, siyo miezi. Kola ndefu inakausha misuli ya nyuma na shingo inakakamaa, ndiyo sababu ya malalamiko mengi. Ageuze kichwa taratibu kushoto na kulia mara 10, mara tatu kwa siku, tangu daktari wake aruhusu. Kusukuma kichwa nyuma dhidi ya kiganja bila shingo kusogea, sekunde 5, mara 10. Vidole: kuokota punje za mahindi kwenye sahani, kisha choroko, kisha ufuta. Mvuvi huyu mpeni sindano ya wavu na kipande cha nyuzi, hakuna zoezi bora kwake. Usiku taa iachwe ikiwaka njia ya chooni, kwa kuwa hisia za nyayo ndizo zinazochelewa kurudi.

Mzigo kichwani asibebe tena, hata tenga tupu. Kurudi chomboni kuamuliwe na mpasuaji wake baada ya kumwona, si kabla ya miezi mitatu. Bega likigoma kunyanyuka wiki ya kwanza au ya pili, msisubiri kliniki ijayo: pigeni simu wodini alikopasuliwa, na mkono ushikiliwe kwa kitambaa usivute kiungo wakati neva inarudi.